Verna Toews Apiga Rivasi

Jioni, joto linapoanza kulegea na watu wamekwisha kuoga, viti vya kukunja katika kambi za ziwa Okanagan hugeuzwa. Mchana kutwa vimelitazama ziwa. Sasa vinalipa ziwa mgongo na kutazama njia ya vumbi, kwa sababu hiyo ndiyo saa wageni wanapoingia na matrela yao, na kila mgeni hana budi kulirudisha la kwake kinyumenyume mpaka likae kwenye nafasi yake, kati ya miti, bomba la maji na meza ya mbao. Hakuna burudani inayoishinda hiyo. Watu wanajimiminia divai, wanamenya mapichi, wanangoja. Wake huteremka kuelekeza, waume huwafokea, wake hufoka zaidi, na watoto hujifanya hawaijui familia hiyo.

Verna Toews alikuwa mtazamaji hodari. Miaka nenda miaka rudi aliketi mstari wa mbele, kisu cha matunda mkononi, akicheka mpaka anajifuta machozi kwa aproni. Alikuwa na haki ya kucheka. Mumewe, Lorne, alikuwa dereva wa malori ya magogo huko kaskazini, Williams Lake, na trela alilitia mahali pake kama mtu anavyotia mkono mfukoni, kikombe cha kahawa kimekaa juu ya dashibodi na hakimwagiki. Watu walimpigia makofi. Verna alishuka kama malkia.

Basi mwaka huo, walipoingia kambini chini kidogo ya Summerland, aliyeshika usukani alikuwa Verna.

Roly Beaudry ndiye aliyeona kwanza. Roly ni fundi bomba mstaafu kutoka jimbo jirani la Alberta, mmoja wa wale wanaotushukia kila Agosti kama nzige, tunawasema wakiwa wamegeuka na kuwauzia matunda wakitugeukia. Nafasi yake ilipakana na ya akina Toews tangu nywele zake zikiwapo.

"Gwen!" akamwita mkewe. "Gwen, toka! Verna yuko kwenye usukani!"

"Usinitanie."

"Nikutanie nini, njoo ujionee. Na uje na chupa."

Verna huyu alizaliwa katika nyumba ya Wamenoni, watu wa shamba na sala, ambako wavulana walipanda trekta na wasichana waliwapelekea chai. Hakuna aliyemkataza kupanda trekta. Hakuna aliyewaza kumpandisha. Akaolewa na Lorne, wakahamia kaskazini, akapata kazi ya upishi hospitalini, na huko ndiko alikojifunza gari, maana uji wa wagonjwa haungoji theluji iyeyuke. Aliendesha gizani, barabara imeganda kama kioo, mbawala wamesimama katikati ya njia wakimkodolea macho. Kwenda mbele, Verna hakuogopa kitu. Kurudi nyuma kulikuwa kwa Lorne.

Na kila Agosti walishuka. Huko kwao kaskazini tufaha lenyewe halioti likakua zaidi ya ngumi ya mtoto, kwa hiyo mtu wa kule anayejiheshimu hushuka bondeni wakati mapichi yanayoachia kokwa yameiva, akapiga kambi kando ya ziwa, na hapo hapo kambini akayatia kwenye chupa. Verna aliweka jiko lake la gesi chini ya mti, sufuria lake kubwa kama beseni, akachemsha, akamenya, akapanga, na kila kifuniko kilipojifunga kwa kile kimlio chake, ti!, Lorne alisema, "Hiyo ya Januari." Kingine kikilia, "Hiyo ya Februari." Utani mmoja, miaka yote hiyo, naye Verna alicheka kila mara, ndiyo ndoa.

Halafu macho ya Lorne yakaharibika. Katikati pakaingia kiza. Ukisimama mbele yake haoni uso wako. Anaona masikio na mabega, kama picha iliyochezewa na mtoto mwenye kifutio. Daktari akaandika, serikali ikachukua leseni, na Lorne akachukua kiti akakaa karibu na dirisha ambalo kwalo hakuona kitu. Asubuhi hakuvaa nguo mpaka mchana. Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Mtoto wao, Darcy, anayekaa Kamloops, ni kijana mwema, mwenye haraka ya kuwapangia wazazi wake mambo. Akapata mnunuzi wa trela.

"Mama, nani atalirudisha?" akauliza.

"Mimi."

Darcy akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyeambiwa paka ataendesha baiskeli. Kicheko hicho ndicho kilichomponza. Verna akaweka kisu mezani, akamwambia: "Tutakwenda Agosti hii. Nikilitia mwenyewe kwenye nafasi yetu kule ziwani, haliuzwi. Akilitia mtu mwingine, awe nani, mwambie huyo mnunuzi wako aje, na mimi mwenyewe nitamfungulia geti."

Neno la Verna watu wanalijua. Alipowahi kusema hatakula tena kwa shemeji yake, alikwenda kwenye harusi ya pale na chakula chake kwenye bakuli.

Alijifunza majira yote ya kuchipua katika uwanja wa nyuma ya jengo la hoki, theluji ikiwa imekwisha kuyeyuka. Alipanga ndoo tupu za mafuta ya kukaangia kuwa ndiyo miti, akazisaga moja baada ya nyingine. Lorne aliketi pembeni yake akieleza. Akaeleza, akaeleza, mpaka siku moja Verna alifungua mlango, akashuka, akamwacha ndani ya gari, akaenda nyumbani kwa miguu. Alirudi na chai hasira zilipopoa.

"Sharti ni moja," alimwambia akimpa kikombe. "Mimi nikiwa narudi nyuma, wewe huna mdomo."

"Na nikiona unagonga kitu?"

"Utaona na nini?"

Lorne akacheka, kicheko cha kwanza tangu leseni iondoke. Wakaafikiana.

Safari yenyewe Verna aliitengeneza kwa ujanja. Tangu wanatoka nyumbani mpaka wanaingia kambini, hakurudi nyuma hata hatua moja. Mafuta alinunua kwenye vituo vya malori, unaingia huku unatokea kule. Usiku wa njiani walilala Vernon mahali ambapo trela linapita moja kwa moja. Kelowna alivuka daraja ameshika usukani kama anayemkaba mwizi. Hata kwa Jasvinder Dhaliwal, mwenye kibanda cha matunda baada ya Peachland, mwanamke waliyekuwa wakinunua kwake na kubishana naye tangu mwenyewe akiwa bibi harusi, hakusimama. Pale kwa Jasvinder ukiingia lazima urudi nyuma.

Lorne alinusa hewa dirishani. "Umempita Jasvinder."

"Nimempita."

"Hatujawahi kumpita."

"Kesho tutakuja na pikapu tupu. Nyamaza, kuna kona."

Raha waliyoipata ilikuwa kwenye mashamba ya mizabibu. Miaka yote Lorne ndiye dereva, kwa hiyo walipopita kuonja divai yeye alilamba tu midomo, Verna akaonja kwa niaba ya nyumba. Sasa mambo yalikuwa yamegeuka. Lorne alisimama kwenye kaunta juu ya kilima, upande wa magharibi wa ziwa, akanywa kila alichomiminiwa, na binti wa kaunta akamwonyesha ndoo ya kutemea.

"Nitemee divai yako, binti yangu? Nimekukosea nini?"

"Wengine hutema, baba, ili waonje nyingi."

"Mimi nitameza, ili nionje hizi hizi."

Akamwambia binti kwamba hiyo nyekundu ina ladha ya ngozi ya kiti cha lori jipya. Binti akaandika pembeni, akasema atamwambia mwenye shamba, maana wataalamu hawajawahi kulifikia hilo. Verna alisimama nyuma yao na glasi yake ya maji, akamtazama mumewe ana rangi mashavuni, amevaa shati lenye kola na amejinyoa asubuhi bila kuambiwa. Pale ndipo alipojua vizuri anachokwenda kukipigania. Trela lenyewe ni bati na plaiwudi. Mtu huyu ndiye anayetaka kumrudisha nyumbani, yule wa dirishani asiwepo tena.

Sasa walikuwa mbele ya nafasi yao, na viti vimegeuzwa.

Mwaka huo moto ulikuwa umepigwa marufuku kambi zote, milima ya ng'ambo imefunikwa na moshi wa misitu, kwa hiyo watu hawakuwa na hata kuni za kuchochea. Hawakuwa na kazi kabisa ila kumtazama yeye. Verna alipita nafasi kidogo kama alivyojifunza, akatia gia ya rivasi, akaanza.

Alianza vizuri, hilo lisemwe. Mkia wa trela uliingia ukielekea mahali pake, taratibu, kama ng'ombe anayelijua zizi. Kama wangemwacha hivyo, habari ingekuwa fupi. Lakini kwetu mtu hawezi kumwona mwenzake anarudi nyuma akanyamaza. Ni ugonjwa, na hauna dawa. Roly akasimama.

"Kata kulia, Verna! Kulia!"

"Kushoto!" Gwen akapiga kelele kutoka upande wa pili. "Roly, kulia kwa nani? Kwako au kwake?"

"Kulia ni kulia!"

Akatokea na bwana mmoja wa nafasi ya mbele, amevaa kaptula ya kuogelea tu, tumbo linang'aa mafuta ya jua, akaanza kupunga mikono yote miwili kama anayefukuza nyuki. Wote ni watu wema. Hakuna hata mmoja aliyemtakia mabaya. Na Verna, aliyepika maisha yake yote kwa maagizo ya madaktari, huyu chumvi, huyu bila chumvi, aliwatii wote kwa pamoja. Akakata kulia kwa ajili ya Roly, kushoto kwa ajili ya Gwen, na kwa ajili ya mwenye kaptula akakata asikojua. Trela likajikunja ubavuni mwa pikapu kama kisu, kikasikika kishindo, na ubao wa kukalia wa ile meza ukapasuka vipande.

 Njiani nyuma ya Verna, jamaa aliyekuja na boti juu ya trela lake na hana pa kupita akapiga honi.

Roly akaja dirishani, sauti ya upole, upole ule wa kumwambia mtu amefiwa. "Shuka, dada. Nipe funguo. Ni kidogo tu hapo, nitalinyoosha mara moja, hata Lorne hatajua."

"Ninasikia, Roly," akasema Lorne. "Kilichokufa ni macho."

Roly akaiva kama nyanya. Honi ikalia tena. Ndipo Lorne akavunja sharti.

"Mpe, Verna," akasema polepole. "Watu wanangoja."

Verna akamgeukia. Lorne alikuwa ameelekeza uso dirishani, mikono juu ya magoti, na sauti ile ilikuwa ya yule mtu wa kule nyumbani, yule asiyevaa mpaka mchana. Amekuja kumfuata mpaka huku. Ingekuwa rahisi kumpa Roly funguo. Darcy hakuwapo, na hakuna mtu pale ambaye angempigia simu. Lakini Verna angejua, na mnunuzi angefunguliwa geti.

Akazima gari. Akachomoa funguo, akazitia kifuani, mahali ambapo Roly Beaudry hangethubutu kuzifuata. Akashuka.

"Kaeni," akasema.

Hakuna aliyekaa.

"Nimesema kaeni! Roly, kaa. Gwen, kaa, mpenzi. Na wewe mwenye kaptula, sikujui jina, lakini kaa."

"Tunakusaidia, Verna."

"Mmenisaidia mpaka nimevunja meza. Mkiendelea kunisaidia nitakuwa ziwani." Kisha akamgeukia mwenye boti. "Na wewe, piga hiyo honi tena niione."

Mwenye boti akazima injini, akatoa mfuko wa cheri, akaanza kula.

Verna akatembea mpaka mwisho wa nafasi, akatazama. Upande wa bomba aliuona kwenye kioo cha pembeni. Upande wa mti mkubwa hakuuona. Alihitaji mtu mmoja. Roly angefaa, macho anayo, lakini Roly akipewa neno moja anatumia kumi. Akarudi kwenye pikapu, akafungua mlango wa upande wa Lorne.

"Shuka. Nina kazi na wewe."

"Verna, sioni."

"Sikukuomba uone. Shuka."

Akamshika mkono, akampeleka mpaka kwenye mti, akamsimamisha ubavuni mwake, shina likiwa kati yake na mahali trela litakapopita, akauchukua mkono wake akaunyoosha nje ya shina. "Kona ikikugusa kiganja, sema. Kabla ya hapo niite tu. Usinieleze kitu. Niite."

Gwen alikuwa amesimama tena. "Verna, jamani! Utamsaga mzee wa watu!"

"Mzee ni mumeo," akajibu Lorne pale mtini. Na sauti ilikuwa imebadilika.

Verna akapanda, akasogea mbele mpaka trela likanyooka, akaanza upya. Hakupenda lilivyoingia, akalitoa mwenyewe bila kuambiwa, akaanza tena. Lorne aligeuza uso upande, kama kuku anavyoitazama punje, kwa kuwa pembeni ndiko macho yake yalikobaki, na pembeni huko ukuta mweupe wa trela ulikuwa mkubwa wa kutosha hata kwake.

"Njoo," akaita. "Njoo. Njoo. Unakuja vizuri. Njoo, mama. Njoo."

Ni sauti hiyo moja tu kambi nzima. Verna hakusikiliza maneno. Hayakuwa na maana yoyote. Alisikiliza kama ni ya mtu aliyetulia au mtu mwenye hofu, naye alikuwa ametulia, ametulia kabisa, anarudisha lori kwenye lundo la magogo, asubuhi, kikombe juu ya dashibodi. Akautegemea utulivu ule. Usukani ukawa mwepesi. Bomba likapita pembeni ya kioo, likaenda zake.

"BASI!" Lorne akanguruma mpaka mbwa wa kambi nzima wakabweka.

Akakanyaga breki. Kona ya trela ilikuwa imelala kwenye kiganja chake kama shavu la mtoto.

Makofi yakaanza kwa mwenye kaptula, yakasambaa. Verna alishuka, akazirudisha funguo kifuani. Roly akazunguka trela, bilauri mkononi, akalikagua kama anayetaka kulinunua.

"Limepinda," akasema.

"Na pua yako imepinda, Roly, mbona Gwen analala nayo?"

Gwen akacheka mpaka akamwaga divai. Mwenye boti, njia imefunguka, akapita taratibu, akatoa kichwa. "Mama, na langu utanirudishia?"

"Baada ya honi ile? Wewe utalala barabarani."

Habari ya meza Verna mwenyewe alimweleza mwenye kambi, kabla hajaulizwa. Akaambiwa ubao ule umewahi kuvunjwa na watu wenye majina. Kesho yake asubuhi Lorne aliutengeneza kwa skrubu na zana za Roly, kwa kupapasa, na Roly alikaa karibu akieleza, akaeleza, mpaka Lorne akamwambia kuna sharti moja katika kazi hiyo.

Lakini hiyo ilikuwa kesho. Jioni ile Verna alipiga simu Kamloops, amekaa kwenye ngazi ya trela, miguu ndani ya beseni la maji ya ziwa.

"Mmefika, mama? Nani kawatilia trela?"

"Mwambie mnunuzi wako atafute la watu wengine."

"Wewe mwenyewe?" akauliza Darcy.

"Mimi kwenye usukani, baba yako nyuma."

"Baba nyuma? Mama, baba haoni!"

"Ndiyo maana hakunichanganya."

Darcy akaanza kusema jambo la usalama, refu, lenye mantiki. Lorne akanyoosha mkono, Verna akampa simu.

"Darcy," akasema Lorne. "Tungerudi Alhamisi. Haturudi. Mama yako anataka kushuka mpaka Osoyoos, nyanya zimeiva kule."

Verna hakuwa amesema neno lolote la Osoyoos. Kambi ya Osoyoos iko kwenye ulimi mwembamba wa mchanga, maji huku na huku, na nafasi zake ni finyu kuliko zote bondeni. Alimtazama mumewe, akatazama beseni, akafikiri, akaona haina haja ya kumsahihisha mtu mbele ya mtoto.

Wakashuka. Kule Osoyoos ilimchukua muda mrefu zaidi, maana hakukuwa na mti wa kumsimamisha Lorne, akamsimamisha kwenye pipa la taka, na ubavu wa trela ukakwaruzwa toka mlangoni mpaka taa ya nyuma. Mkwaruzo huo uko mpaka leo. Darcy amejitolea mara nyingi kuupaka rangi, na Verna humjibu kwamba rangi hupakwa trela linalouzwa.